Kuitunza pani ya kila ala inapopita kwenye basi la efekti

Katika miksi ya muziki wa dansi, kazi kubwa ya pani, yaani kuiweka kila ala kushoto, katikati au kulia mwa msikilizaji, ni kuyatenganisha magita. Gita la solo na gita la rithimu hukaa katika masafa yanayokaribiana sana, tena hupigwa kwa kujibizana, na yakiwekwa yote mawili katikati msikilizaji hupata sauti moja nzito asiyoweza kuipambanua. Kwa sababu hiyo tunampeleka mpiga solo upande mmoja na mpiga rithimu upande wa pili, kisha tunaacha katikati kwa mwimbaji, besi na ngoma ya kiki. Mpangilio huo huwa mzuri mpaka pale fundi anapoanza kuongeza mabasi ya efekti, yaani njia za pamoja zinazopokea nakala za sauti za ala na kuzipitisha kwenye efekti, ambapo magita huanza kusogea taratibu kuelekea katikati ilhali hakuna aliyegusa pani zake.

Ili kuona jambo hili linatokeaje, inafaa kukumbuka kwamba pani hutengenezwa mahali mahususi katika njia ya sauti, na kabla ya kufika hapo sauti haina kushoto wala kulia. Chukua gita la mono, yaani lenye chaneli moja tu, lililopaniwa asilimia 70 kushoto kwa sheria ya nguvu sawa, ile inayoshusha kila chaneli kwa desibeli 3 ala inapokuwa katikati. Chaneli ya kushoto hupungua robo tu ya desibeli, na ya kulia hushuka kwa desibeli 12 na nusu hivi. Tofauti hiyo ya takriban desibeli 12 ndiyo inayoliambia sikio kwamba gita liko kushoto. Sendi, yaani tawi linalochukua nakala ya sauti ya treki na kuipeleka kwenye basi, ikichomoza kabla ya pani, itabeba gita lisilo na tofauti hiyo, na basi litalipokea kwa nguvu sawa katika chaneli zake zote mbili.

Kwenye mikisa nyingi za analogi hali ndiyo hiyo kwa kawaida yake: sendi ni ya mono na huchukuliwa kabla ya pani, hivyo anayetaka sterio hulazimika kutumia sendi mbili na kugawa sauti kati yake kwa mkono. Programu za kompyuta zimetupa uhuru zaidi, lakini kila moja ina desturi yake. Katika Ableton Live, sendi ya kawaida huchukuliwa baada ya kitelezi (fader, kile cha kupandisha na kushusha sauti ya treki) na pani. Katika REAPER, chaguo la "Post-Fader (Post-Pan)" hubeba pani, ila ukichagua "Pre-Fader (Post-FX)" pani ya treki haihesabiki tena, na sendi hufuata pani yake yenyewe ambayo mwanzoni iko katikati. Logic Pro inahitaji macho zaidi, kwa kuwa "Post Fader" na "Post Pan" ni chaguo mbili tofauti, na ya kwanza hupita kwenye kitelezi bila kupita kwenye pani. Katika Pro Tools, sendi inayokwenda kwenye basi la sterio ina pani yake pekee, na huifuata pani ya treki pale tu unapowasha kitufe cha FMP (Follow Main Pan).

Lipo pia kosa la upande wa pili. Sendi ambayo tayari imebeba pani ya treki, ikizungushwa tena pani yake kwa kiasi kile kile, hupaniwa mara mbili: zile desibeli 12 za mfano wetu huwa kama 24, na riverbu ya gita, yaani efekti ya mwangwi wa chumba, husikika imebanwa ukutani, mbali kuliko gita lenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuzungusha chochote kwenye sendi, jiridhishe kwanza imechukuliwa wapi.

Sendi ikiwa sahihi, swali linahamia kwa efekti yenyewe, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakihangaika bila sababu. Riverbu nyingi hutoa sterio huku zikiwa zimejumlisha kushoto na kulia kuwa mono mlangoni mwake. EMT 140, ile riverbu ya bamba la chuma iliyotoka Ujerumani mwaka 1957, ilikuwa na kitikisio kimoja tu, na hata ilipopata vinasa viwili ili itoe sterio, sauti zote bado ziliingia kwa njia moja. Plagini, yaani programu ya efekti, inayoiga kifaa cha namna hiyo kwa uaminifu haiwezi kujua gita lilikuwa upande gani. Riverbu ya mwitiko wa chumba, inayotumia rekodi ya mwangwi wa chumba halisi, ikiwa na sterio kamili hutumia njia nne: kushoto kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, na kulia kwenda kulia. Gita la kushoto likiingia humo, miangwi ya kwanza hulemea kushoto kisha hutapakaa chumba kizima, kama inavyotokea ukumbini.

Kuhakiki ni rahisi. Pani mlio mfupi, rimu ya snea kwa mfano, kushoto kabisa, nyamazisha sauti kavu, yaani ile isiyopita kwenye efekti, kisha sikiliza basi peke yake huku ukitazama mita zake. Mita zote mbili zikipanda sawa tangu mwanzo wa mlio, pani imepotea. Weka delei tupu ya sterio, yaani efekti inayochelewesha sauti tu, badala ya riverbu na urudie: upande wa kushoto pekee ukipanda sasa, sendi yako haina tatizo na kilichojumlisha ni riverbu.

Je, riverbu ya mono mlangoni ni ya kuepukwa? Kwangu mimi hapana. Helmut Haas alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1949 kwamba sikio huchukua mwelekeo wa sauti kutoka kwa ile inayofika kwanza, hata marudio yake yakifuata milisekunde chache baadaye yakiwa na nguvu zaidi. Ukiipa riverbu kuchelewa kwa milisekunde 20 hivi, gita kavu litakuwa limekwisha kutangaza mahali pake. Kwa sauti ya mwimbaji aliye katikati, hakuna hasara yoyote.

Kwa basi la kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) au la upotoshaji (distortion) linalochanganywa sambamba na sauti kavu, sikubali kabisa sendi isiyo na pani, kwa kuwa marudio yake hufika wakati ule ule na sikio halina cha kutanguliza. Gita lililo kushoto kabisa kwa kimo cha 1, likiongezewa basi linalorudisha 0.5 katika kila chaneli, huwa 1.5 kushoto na 0.5 kulia. Tofauti iliyokuwa haina kikomo imekuwa desibeli 9.5 tu, na gita limesogea ndani waziwazi. Kompresa yenyewe pia iunganishwe chaneli zake zote mbili, maana zikifanya kazi kila moja kivyake, pigo kubwa la solo kushoto litaishusha kushoto peke yake, na chochote kilicho katikati ya basi hilo kitayumba kulia kila solo inapopanda.