Kadi mbili za grafiki: shika bisibisi kabla ya draiva

Kompyuta yenye kadi mbili za grafiki ikizima katikati ya gemu, wengi hapa Arusha hukimbilia draiva (programu inayoendesha kadi), na ikishindikana wanapiga Windows upya. Mimi huanza na bisibisi. Makosa mengi ya mpangilio huu yako kwenye waya, sloti na joto, na hakuna draiva inayokaza waya uliolegea.

Toa kadi zote mbili. Weka ya kwanza peke yake kwenye sloti ya juu, cheza gemu ile ile inayosumbua kwa nusu saa. Itoe, weka ya pili kwenye sloti hiyo hiyo kwa waya zile zile. Kisha jaribu moja wapo kwenye sloti ya chini, nayo peke yake. Itakula saa moja na nusu, lakini ukimaliza unajua mgonjwa ni kadi, ni sloti, au ni ndoa yao.

Kila moja ikipita peke yake na zikaanguka zikiwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Chukua kadi mbili za AMD, RX 580: kila moja inakula wati 185, jumla 370. Ongeza prosesa ya Ryzen 5 3600 inayoweza kufika wati 88, halafu 50 hivi za mazabodi, diski na feni. Umeshavuka 500. Na huo ni wastani tu. Kwa vipande vidogo vya sekunde kadi huruka juu ya hapo, na zote mbili zikiruka pamoja pawa saplai hujikinga kwa kuzima. Kwa mzigo huu nashauri wati 750 za kweli. Nasema za kweli kwa sababu kuna pawa saplai zimeandikwa 700W kwa herufi kubwa, ila ukisoma jedwali la ubavuni unakuta laini ya volti 12 ina ampea 30. Zidisha: 12 mara 30 ni wati 360, hazitoshi hata kadi zenyewe.

Pima kwa malitimita gemu ikiwa inaendelea: ncha moja kwenye waya wa njano wa plagi ya pini nne, nyingine kwenye waya mweusi. Unatakiwa kuona kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo mzigo ukipanda, acha kutafuta kwingine.

Kila kadi iwe na waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Ule waya mmoja wenye vichwa viwili usiugawe kwa kadi mbili, maana plagi inapata moto hadi plastiki inabadilika rangi. Na tafadhali sana, waya wa kuchomoa wa pawa saplai moja usiuhamishie nyingine kwa sababu tu umeingia. Mpangilio wa pini hutofautiana, na kosa hilo linaua kadi kwa sekunde moja.

UPS, ile betri ya kushikilia umeme unapokatika, nayo ni mtego. Zile ndogo za 650VA hutoa wati 360 hadi 390. Umeme ukikatika gemu ikiwa imewaka, UPS inalia mara moja na kila kitu kinazima. Hapo kompyuta haina kosa.

Sasa sloti. Fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kwa kila kadi, usome mstari wa Bus Interface (njia ngapi za data sloti inaipa kadi) huku jaribio la kuchora (render test) likiendelea, kwa sababu kadi ikipumzika hushusha kasi na kukudanganya. SLI, mfumo wa NVIDIA wa kuunganisha kadi mbili, inataka njia 8 kwa kila kadi. Mazabodi za Ryzen zenye chipseti ya B350 na B450 kwa kawaida zina sloti ndefu ya pili inayopata njia 4 tu, kwa hiyo chaguo la SLI halitatokea hata uibembeleze vipi. CrossFire, mfumo kama huo wa AMD, hukubali njia 4, ila unalipa kwa kasi. Angalia pia kitabu cha mazabodi: baadhi ukiweka SSD ya M.2, sloti ya chini inapunguzwa au inazimwa kabisa. Kadi za NVIDIA za GTX 1070 na 1080 zinahitaji daraja, kile kiunganishi kinachoshika kadi mbili kwa juu. RX 580 hazihitaji. GTX 1060 haina hata pa kuchomeka daraja, usiuziwe mbili kwa maneno matamu.

Joto ni hadithi ya kadi ya juu, inayovuta pumzi ya mwenzake. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Pascal, kama GTX 1070 na 1080, huanza kujipunguza kasi kwenye nyuzijoto 83. Mchana wa Moshi mwezi wa pili chumba tayari kinachemka. Arusha kuna baridi kidogo, ila kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi na feni hubeba joto pungufu. Badilisha kadi nafasi. Joto likibaki kwenye sloti ya juu, tatizo ni mzunguko wa hewa, kwa hiyo ongeza feni ubavuni na ufute vumbi. Likihama na kadi, pesti ya kupitisha joto kwenye chipu imekauka au feni inachoka.

Draiva: isafishe kwa DDU, programu ya kufuta draiva, ukiwa Safe Mode ya Windows, intaneti imechomolewa, kisha weka mpya. Kosa la Code 43 kwenye Windows kwa kadi ya mtumba mara nyingi ni BIOS ya kadi (programu ndogo iliyo ndani yake) iliyochezewa na wachimba sarafu za kidijitali. Rudisha ya asili. Code 12 ni uhaba wa anwani za kumbukumbu ambazo mfumo huzigawa kwa kadi, washa Above 4G Decoding kwenye BIOS ya mazabodi.

Yote yakiwa sawa na gemu bado inakwama-kwama, huenda hakuna kilichoharibika. Kadi hizi hupokezana fremu, yaani picha moja moja za gemu: moja huchora ya kwanza, nyingine ya pili. Fremu moja ikichukua milisekunde 8 na inayofuata 25, kipimo kitasema 60 kwa sekunde huku jicho likiona mitetemo. Funga idadi ya fremu kwa sekunde kwa programu ya RivaTuner, chini kidogo ya kile kadi zinachofikia. Kumbukumbu ya kadi nayo haijumlishwi. GB 8 na 8 zinabaki 8. Na tangu Januari 2021 NVIDIA haiongezi profaili mpya za SLI (mipangilio ya kila gemu ndani ya draiva) kwa kadi za RTX 20 na za nyuma yake, hivyo gemu nyingi mpya zitaamsha kadi moja tu.

Kadi ya pili isiyo na kazi unaweza kuipa kazi ya kutengeneza fremu za ziada kupitia programu ya Lossless Scaling. Zima SLI au CrossFire, chagua kadi yenye nguvu ichore gemu, na waya wa skrini uuchomeke kwenye kadi ya pili. Ukiuacha kwenye ya kwanza, kila fremu inakwenda na kurudi kwenye sloti zile zile zenye njia chache.