"Siumwi popote" si kipimo cha lupasi

"Daktari, siku hizi siumwi popote, mkojo wa nini tena?" Swali hili nimelisikia hadi nimechoka. Huulizwa na watu makini kabisa: viungo vimeacha kuuma, vipele vya usoni vimekauka, basi wameamua kwamba lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, imeondoka.

Figo haziumi. Lupasi inaweza kuzila kwa miezi huku mwenyewe anakula, analala na kwenda kazini kama kawaida. Mara nyingi dalili ya mapema ni protini na chembe za damu kwenye mkojo, ambazo hazionekani kwa macho. Miguu kuvimba na mkojo kutoa povu huja baadaye, na figo ikishaweka kovu, hakuna dawa ya kulifuta. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, nayo isikutulize peke yake, maana inaweza kusoma kawaida ilhali figo zimeshaanza kushambuliwa. Protini ikifika nusu gramu kwa siku, tunaanza kuzungumzia kuchukua kinyama kidogo cha figo kikapimwe, kwa sababu aina ya madhara ndiyo inayoamua matibabu. Hata aliyetulia anahitaji mkojo, presha, picha kamili ya damu, protini za kinga C3 na C4, na kingamwili za dsDNA (zinazolenga vinasaba vya mwili wenyewe) kila baada ya miezi michache. ANA (kipimo cha kingamwili cha kusaidia kutambua lupasi), ambayo wengi hunililia niirudie, haionyeshi kama ugonjwa umepanda au umeshuka. Weka hela yako.

"Haidroksiklorokwini inapofusha," wengine huniambia kuhusu dawa hii ya msingi ya lupasi. Hatari ipo, ila hutegemea dozi na miaka. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa 5, mapema zaidi kama figo ni dhaifu. Kuiacha kwa hofu huongeza uwezekano wa ugonjwa kulipuka. Wajawazito nao kwa kawaida huendelea nayo.

Prednisoloni, dawa ya steroidi, ina tatizo la kinyume: inapendwa mno. Inatuliza haraka, lakini dozi kubwa ya muda mrefu huharibu mifupa, macho na moyo. Tunalenga miligramu 5 kwa siku au pungufu, ikishushwa taratibu. Ukiikata ghafla, mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuzidiwa vibaya.

Na ukienda kliniki wakakutoa damu tu, dai mkojo upimwe, ikiwezekana ule wa kwanza wa asubuhi. Dai hata kama daktari ana haraka.