"Mimi nimechanja, ya jirani yananihusu nini?"

Yamenifika shingoni. Kila nikialikwa kuzungumzia magonjwa kwenye kikao cha wafugaji, lazima asimame mmoja, mara nyingi mwenye mabanda mazuri kuliko wenzake wote, atangaze: "Daktari, kuku wangu wamechanjwa wote, ukuta ninao, dawa ya miguu iko mlangoni. Ya jirani yananihusu nini?" Anakaa, na nusu ya ukumbi inaitikia kwa kichwa. Iko siku nitamjibu mtu vibaya, kwa hiyo acha niandike nikiwa bado na adabu.

Tuanze na kideri (Newcastle), ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi. Chanjo yake, iwe La Sota au I-2, ikitolewa vizuri inamkinga kuku asiugue wala asife. Kupata kirusi haimzuii. Kuku aliyechanjwa akikutana na kirusi kikali anaweza kukibeba na kukimwaga kwenye kinyesi na makamasi huku anakula na kutaga kama kawaida. Anamwaga kidogo kuliko asiyechanjwa, na kwa siku pungufu, ndiyo maana nachanja na nitaendelea kuchanja. Lakini zidisha hicho kidogo kwa kuku elfu kumi. Wewe unaona banda lenye afya, na jirani mwenye vifaranga ambao siku yao ya chanjo haijafika anaokota mizoga. Marek, ugonjwa mwingine wa virusi unaootesha uvimbe mwilini mwa kuku, ni hivyohivyo, tena zaidi: chanjo inazuia uvimbe, kirusi kinaendelea kutoka na vumbi la manyoya. Sikai hapo.

Nitakaa kwenye laringotrakeitisi, ule ugonjwa wa kuku kunyoosha shingo, kuachama mdomo na kukoroma. Ukipasua koo la hewa la aliyekufa unaweza kukuta damu imeganda ndani urefu wote. Chanjo hai ya ugonjwa huu, yaani yenye kirusi hai kilichopunguzwa makali, inayooteshwa kwenye mayai yenye kiinitete ina nguvu, na wafugaji wanaipenda. Ila kirusi cha chanjo hiyo kinahama kutoka kwa kuku aliyechanjwa kwenda kwa asiyechanjwa, na kadiri kinavyopita kuku hadi kuku ndivyo kinavyoweza kurudisha makali yake. Kikishapita vya kutosha, kilichokuwa chanjo sasa ni ugonjwa. Chanja nusu ya banda kwa sababu dawa iliisha kabla ya kufika upande wa pili, au chanja peke yako katika eneo ambalo wenzako hawajachanja, na umewapelekea maradhi ukiwa na risiti halali mkononi.

Australia walipata somo kali kuliko hilo. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba virusi vya chanjo hai tofauti, zilizokuwa zikitumika katika mashamba ya kuku huko, vilikuwa vimechanganya vinasaba na kuzaa virusi vipya vyenye uwezo wa kuua. Chanjo zote zilikuwa zimesajiliwa. Ukimkagua kila mfugaji peke yake usingeona kosa. Kosa lingeonekana tu kama mtu angetandaza ramani mezani na kuuliza nani anatumia chanjo ipi.

Kwa hiyo chanjo ya aina hii haiamuliwi na shamba moja. Eneo zima ndilo linaloamua: tunachanja wote au hatuchanji, chanjo gani, tunaanza lini, na jambo ambalo kila kikao kinalisahau, tunaacha lini. Mlipuko ukiisha, mtu mmoja anayeendelea kuchanja "kwa usalama" anakiweka kirusi hai mahali ambapo kingeshakufa.

Mengine haraka haraka. Mabanda ya eneo yakae matupu kwa kipindi kimoja, si huyu anatoa na yule anaingiza. Mashamba yanayotumia gari moja la chakula, kikosi kimoja cha kukamata kuku au trei zilezile za mayai, kwa kirusi ni shamba moja. Mnapulizia magurudumu dawa, vizuri, sasa nionyesheni mkeka ulio chini ya pedali. Dereva ameshuka, amekanyaga maranda, amepanda, anakwenda kushukia kwa jirani. Katika mlipuko wa mafua ya ndege Marekani mwaka 2014 na 2015, uliomaliza karibu kuku na bata mzinga milioni 50, ndege pori ndio walioleta kirusi, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba baadaye kilihama pia shamba hadi shamba, na watu, magari na vifaa vya kuazimana vikawa miongoni mwa washukiwa.

Tukifika kwenye kutoa taarifa, kikao kinapoa. "Nikiripoti nitafilisika." Simcheki anayesema hivyo, kwa sababu mara nyingine ni kweli. Mafua makali ya ndege yakithibitishwa barani Ulaya, huchorwa duara la kilomita 3 na jingine la kilomita 10, na ndani yake hata jirani mwenye kuku wazima hahamishi kuku bila kibali. Fidia, pale ilipo, kwa kawaida hulipwa kwa kuku waliohesabiwa wakiwa hai, si kwa waliokwisha kufa, hivyo anayeficha wiki nzima anajipunja. Pale isipokuwapo, mwenye kuku waliozubaa anaita wachuuzi usiku na kuuza banda lote kabla hakujakucha. Kumhubiria uzalendo hakusaidii. Kikundi chenye mfuko, hata mdogo, wa kumfidia mwenzao wa kwanza kupiga simu kinafanya kazi kubwa kuliko semina zangu zote, ingawa nakiri mfuko wa namna hiyo huweza kukauka kwa mlipuko mmoja mkubwa.

Na msiniambie kanuni ni za serikali, mfugaji kazi yake kusubiri. Mwaka 1935 Marekani ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupima makundi ya kuku wazazi, wale wanaotaga mayai ya kutotolesha, ili kuondoa kuhara nyeupe, ugonjwa unaopita ndani ya yai hadi kwa kifaranga. Kujiunga kulikuwa hiari, na wafugaji wenyewe wanatuma wajumbe kupigia kura mabadiliko ya kanuni. Hiari hiyo ilikuwa na meno, kwa kuwa asiye na cheti alihangaika kuuza vifaranga nje ya jimbo lake. Leo ugonjwa huo haumo tena katika mabanda ya biashara ya huko.

Vitabuni kila mlipuko una chanzo. Kazini, mara nyingi tunaandika "inawezekana" kwenye ripoti tukapiga saini. Upepo, panya, inzi, fundi wa mabomba: ushahidi umeshafagiliwa na kuchomwa pamoja na maranda. Pengo hilo ndilo wenye mashamba makubwa wanaloliziba kwa kumtaja mwenye kuku kumi wa kienyeji nje ya ukuta, ambaye hata kikaoni hakualikwa. Huenda ni yeye. Lakini kwanza niambieni kuku wenu waliomaliza kutaga mliwauza kwa nani, na wangapi kati ya vijana wa bandani wanafuga nyumbani kwao. Kama wapo, wapeni mayai na nyama kila wiki, wasiwe na sababu ya kufuga, halafu yule mwenye kuku kumi mwekeeni kiti kwenye kikao kijacho.