Kuwaachia watoto waongoze mjadala wa kitabu sio kuwatelekeza

Watu wengi wanadhani ukisema watoto wa darasa la tatu waongoze wenyewe mjadala wa kitabu, basi mwalimu anakaa zake pembeni anasahihisha madaftari huku watoto wanapiga stori. Hapana jamani. Kazi ya mwalimu inakuwa kubwa zaidi, ila inafanyika mapema.

Mtoto hazaliwi anajua kumwambia mwenzake "mi sikubaliani na wewe, hebu cheki ukurasa wa nane", hiyo inafundishwa. Mi huwa naanza na maswali tu, wiki nzima maswali. "Sungura alimdanganya nani?" likijibiwa limekufa hapo hapo, lakini "we ungekuwa Fisi ungemwamini tena?" hapo utaona mikono, mmoja anasema ndio kwa sababu ana njaa, mwingine anafunua kurasa haraka haraka atafute pale Fisi alipoapa, na mimi nimenyamaza kabisa, na kunyamaza kwenyewe ni kazi nakwambia.

Halafu kuna vile vikaratasi vya majukumu, kila mtoto kwenye kundi anapewa chake chenye kazi yake, wewe muulizaji, wewe mchoraji, watu wanadhani ndio mjadala wenyewe. Harvey Daniels wa Chicago, aliyesaidia sana kueneza njia hii miaka ya 1990, mwenyewe alikuja kuonya kwamba vinaweza kuua maongezi, watoto wakabaki kusomeana karatasi. Tumia wiki mbili tatu, viondoe. Na kundi likikwama usikimbilie kujibu, subiri kidogo, kuna mmoja tu atasema "ila mi naona..."