Ikitikisika ndo ya kweli? Nani kawaambia?

Jamani mie kazi yangu ni video, napiga harusi na maulidi hapa Chake Chake na vijiji vya jirani, naediti mwenyewe dukani, na pembeni nna kabati la muvi za zamani nilizozikusanya tangu enzi za kaseti, khasa zile za pesa ndogo, za mazombi na mashetani na majitu ya mpira. Basi mtu akipata klipu ya ajabu kwenye simu yake lazima aniletee mie. Wiki iliyopita wameniletea ileile watu watatu mbalimbali, kitu cheusi chenye mabawa juu ya paa la nyumba, mmoja wao mtu mzima na heshima zake, mwalimu wa skuli, na wote watatu neno lao moja: "Hii ya kweli bwana, si unaona inavotikisika?"

Nshachoka na neno hili. Nimelisikia miaka na miaka, na leo nalijibu kwa kirefu ili nikiulizwa tena nimuoneshe mtu asome mwenyewe.

Watu wamejengeka kwamba picha safi ndo muvi, na picha mbovu yenye giza na mkono unaocheza ndo kapiga mtu aliyekuwepo, kwa hiyo kweli. Ni kinyume chake kabisa. Kutikisa ndo njia rahisi kuliko zote ya kuficha, nakwambieni kama fundi. Huna pesa ya taa, unapiga usiku. Huna pesa ya vazi la maana, unalionesha nusu sekunde tu na kamera inayumba, zipu ya mgongoni haionekani, gundi ya barakoa haionekani, pale zilipounganishwa picha mbili hapaonekani, na linalobaki mtazamaji analimalizia mwenyewe kichwani kwa khofu yake. Halafu klipu inapandishwa, inashushwa, inapandishwa tena, na kila ikipandishwa upya inabanwa, mpaka inakuwa vijumba vijumba. Ubovu wa picha haukwambii chochote kuhusu ukweli wake, unakwambia tu imepita mikono mingi au kuna kitu hawataki ukione.

Yule mwalimu nilimkalisha kwenye stuli. Nkamwita mpwa wangu wa miaka kumi na mbili, nkamfunika shuka jeupe, nkampiga video kwa simu nyuma ya duka kwenye migomba, saa kumi na moja jioni na jua bado lipo. Kwenye picha unaona mtoto kavaa shuka, na kandambili zake za buluu zinachungulia chini. Nkaiingiza kwenye kompyuta mbele yake. Nkashusha mwanga, nkavuta rangi kwenye ukijani, nkatia chenga kama za televisheni ya zamani, kisha nkaweka mtikisiko, maana programu ina kitufe chake kabisa cha kutikisa, mkono wenyewe wala haukutikiswa. Nkaibana mara mbili. Dakika kumi na mbili kwa saa ya ukutani. Nkamrushia kwenye simu yake, akaitazama, akakaa kimya, akairudia, kisha akaniambia, "Ungeniletea hii bila ya mie kuona, ningeiamini." Kandambili zilikuwa zishapotea zamani.

Na huu si ujuzi wa leo. Mwaka 1995 mfanyabiashara mmoja wa London, Ray Santilli, alitoa filamu ya nyeusi na nyeupe ya dakika 17, ati madaktari wanampasua kiumbe aliyeanguka na chombo cha angani kule Roswell, Marekani, mwaka 1947. Kamera inayumba, na kila ikisogea karibu na tumbo lililopasuliwa, picha inafifia! Televisheni za nchi nyingi zikainunua zikaionesha. Mwaka 2006 mwenyewe akakiri kwamba kile kinachoonekana kilitengenezwa, ingawa alishikilia kuwa ilikuwepo ya asili ikaharibika. Kiumbe kilichongwa na fundi wa sanamu anaitwa John Humphreys, wakapigia ndani ya fleti hukohuko London, na tumboni walitia ubongo wa kondoo uliochanganywa na jemu, matumbo ya kuku, na vifundo vya mifupa kutoka soko la nyama. Humphreys huyohuyo ndo kavaa nguo za daktari mle ndani. Sasa ipigwe ileile kwa kamera iliyotulia na taa nzuri, mama yeyote anayepasua kuku wake nyumbani angekwambia pale pale haya matumbo ya kuku.

Halafu ikaja ile ya mwaka 1999, The Blair Witch Project, na hii naipenda kwa moyo wangu wote. Vijana watatu waigizaji walipewa kamera wapige wenyewe, wakaingizwa kwenye msitu wa Maryland siku nane, chakula wakipunguziwa kila siku ili wachoke na kugombana kweli, na mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja. Hata mara moja! Watengenezaji wakabandika matangazo ya watu waliopotea na kueneza khabari kwenye intaneti kwamba vijana wamepotea na kanda ndo zimeokotwa, mpaka mama wa yule dada muigizaji akawa anatumiwa kadi za pole na mwanawe yu hai anakula na kulala. Ikaingiza karibu dola milioni 248 dunia nzima. Ule mtikisiko wote mnaouita ushahidi, wale jamaa waliupanga, na waliupanga kwa ustadi mkubwa sana, ndo maana nakasirika mtu akiniambia "hii haikutengenezwa". Imetengenezwa, mpeni fundi haki yake.

Wengine wananiletea nguva, nusu mtu nusu samaki, picha ya maji ya kibuluu na mkono unaopiga kioo. Ile ni ya Animal Planet, vipindi vyao vya mwaka 2012 na 2013, wanasayansi mnaowaona wanazungumza mle ni waigizaji, na idara ya bahari ya serikali ya Marekani ikalazimika kutoa taarifa kwamba haijawahi kupatikana dalili ya viumbe wa aina hiyo. Nguva tunayemjua sisi watu wa bahari ni mnyama anayekula majani ya chini ya maji, ana ndevu fupi za kukwaruza na hana nywele za kuchana. Basi.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu sisi Pemba hatuwezi kulifanya hili jambo la kuchekea. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1995 khofu ya Popobawa, shetani wa mabawa ya popo anayesemwa huwavamia watu usiku, ilianzia hukuhuku, ikavuka Unguja ikafika mpaka Dar. Nilikuwa kijana, nakumbuka watu wazima wakilala nje kwa makundi, moto umewashwa, hakuna aliyetaka kulala chumbani peke yake. Kule Unguja mtu mgonjwa wa akili alipigwa mpaka akafa kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Na hapo hapakuwa na video hata moja, ilikuwa maneno ya mdomo tu. Sasa hivi kila mtu ana simu, kipande cha muvi ya kutisha kinakatwa majina na muziki, kinatiwa maandishi "imetokea jana usiku", kinapita kwenye magrupu kumi kabla ya alfajiri. Ile klipu ya paa naijua, ni muvi, nimemuonesha mwalimu filamu nzima.

Ushauri wangu ni mmoja na nautoa kila siku: zima sauti. Itazame klipu bila sauti mara tatu. Nusu ya khofu imo kwenye zile pumzi na kelele zilizopachikwa. Halafu mtazame mpigaji, siyo shetani. Mtu aliyeogopa kweli hukimbia, simu inaangalia chini, unaona visigino na mchanga na ukuta. Ukiona anatikisika lakini shetani kila mara yupo katikati ya picha, hapo yupo mtu anafanya kazi yake, na anaijua.

Sasa hizi kauli nyengine za watu nazimaliza haraka.

"Imeandikwa mwanzo tukio la kweli." Kuandika ni bure yakhe. Filamu ya Fargo ya mwaka 1996 inaanza na maandishi kwamba ni tukio la kweli lililotokea Minnesota mwaka 1987, na kisa chenyewe kimetungwa. Ile ya msumeno, The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974, nayo ilitangazwa hivohivo, wakati muuaji aliyewapa wazo, Ed Gein, alikuwa wa Wisconsin na msumeno wa mashine hakutumia.

"Pesa ndogo, muvi mbovu." Hii inaniudhi karibu sawa na ya kutikisika. The Room ya mwaka 2003 inasemekana ilikula dola milioni 6, na watu wanakwenda kuitazama mpaka leo kwa ajili ya ubovu wake. Robert Rodriguez alipiga El Mariachi kwa kama dola 7,000, sehemu ya pesa kaipata kwa kujitolea mwili wake kufanyiwa majaribio ya dawa. Na msiende mbali, jirani zetu Uganda, Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga pale Kampala katengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa isiyofika dola 200, bunduki za vyuma chakavu, kompyuta kaiunga mwenyewe, na akaifuta filamu ya asili kwenye mashine yake kwa sababu nafasi ilikuwa hakuna na alitaka kutengeneza nyengine. Ndo maana iliyobaki ni ile yenye sauti ya msimuliaji VJ Emmie juu yake, na dunia nzima inaipenda hivohivo ilivo. Mtu anayesema hiyo mbovu hajawahi kushika kamera.

"Ile damu ya kweli." Enzi za nyeusi na nyeupe walikuwa wanatumia sharubati nzito ya chokleti, maana kwenye picha ya namna ile inaonekana vizuri kuliko damu yenyewe. Ya rangi tunaipika hapahapa: shira kama ya kaimati, iwe nzito kidogo, rangi nyekundu ya chakula, na tone la kahawa ili isiwe ya pinki. Damu ya kweli ikikaa hewani inageuka hudhurungi, ukiiona siku ya pili bado inang'ara nyekundu jua ni shira.

"Stelingi hafi." Hii nilibishana na kijana mmoja mpaka usiku. Nilimuwekea Night of the Living Dead ya mwaka 1968, ambayo naiweka dukani bila wasiwasi wowote kwa sababu walipobadilisha jina la filamu walisahau kurudisha alama ya hakimiliki, kule Marekani ikawa mali ya kila mtu. Kijana kakaa mpaka mwisho akimshangilia stelingi, Ben, kapigana usiku kucha ndani ya nyumba mpaka kabaki peke yake, kunakucha, wanakuja watu na bunduki zao kuokoa, Ben anasogea dirishani, nao kwa mbali wakamdhania zombi wakampiga risasi. Kijana akaniambia filamu imekatika, niirudishe. Nkamwambia haikukatika.