Kina cha kisima na kina cha shairi

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: kina ni umbali wa kwenda chini, na kina ni silabi inayofunga kipande cha mshororo. Mtoto wa Lamu anayechungulia kisima hukutana na vyote viwili kabla hajaambiwa shairi ni nini. Kazi yangu ni kufundisha vijana kutunga, na nusu ya kazi hiyo ni kuwarudisha ukingoni wakasikilize upya. Mashairi mengi ya visima ninayoletewa yametungwa kwa kumbukumbu za vitabuni, si kwa masikio.

Kosa la kwanza ni mwangwi. Karibu kila mtunzi mchanga huandika kwamba aliita jina lake, na kisima kikamjibu jina zima. Hakiwezi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, basi kisima ambacho maji yake yako mita 5 chini ya mdomo huirudisha baada ya takriban sehemu 3 za mia za sekunde. Sikio huhitaji karibu sehemu 10 za mia ili litenge sauti iliyokwenda na iliyorudi. Yaani maji yawe mita 17 chini. Visima vya mitaani mwetu ni vifupi mno kwa hilo. Kinachosikika ni mvumo: irabu inanenepa na kuning'inia, konsonanti zinapotea. Tamka "kisima" halafu nyamaza, kitabaki "aa". Kisha guna kwa sauti nzito na uipandishe polepole. Pana mahali kisima kitaguna nawe, na pana mahali kitakususa.

Kwa hiyo kisima hakirudishi neno, hurudisha mwisho wake, na hiyo ndiyo kazi ya kina. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wachague vina pale pale ukingoni. Vina vya -ma, -wa na -ngo hukaa hewani. -Si na -ti hufa mapema. Mtunzi wa Lamu ana bahati zaidi, maana Kiamu, lahaja ya Lamu (Amu), humpa mlango wa pili: "moya" badala ya "moja", "mai" badala ya "maji". Mizani, yaani hesabu ya silabi, hubaki mbili, lakini kina kimegeuka. Usitumie tu maumbo yote mawili ovyo ndani ya ubeti mmoja. Msikilizaji wa Amu atacheka kabla hujafika kituo.

Uso nao una hesabu yake. Maji yakiwa mita 4 chini, sura yako inaonekana kama iko mita 8, kwa hiyo ni ndogo. Na kwa kuwa anga iko nyuma yako, ni nyeusi. Mtoto haoni macho yake mle, anaona kichwa cheusi ndani ya duara la mwanga. Anayeandika "nikaona machozi yangu majini" ametazama kioo, si kisima. Ukitaka kuona jua lenyewe likifika majini, nenda katikati ya Machi au mwisho wa Septemba, muda mfupi baada ya saa sita mchana. Siku hizo jua hupita juu kabisa ya utosi wa Lamu na mwanga hushuka bila kugusa kuta.

Ukienda na watoto, ukingo uwafike kifuani, nyayo zote mbili ziwe chini, na mtu mzima awe amewashika. Jiwe lisitupwe, yale ni maji ya watu. Kama unataka kupima kina, sikiliza tone linalodondoka kutoka kwenye ndoo iliyokaribia kufika juu: sekunde 1 ni karibu mita 5.

Ndoo ndiyo sehemu ninayoipenda. Ndoo tupu ya plastiki haizami, huelea wima na kuzunguka kama mgeni asiyejua njia. Mtekaji huifungia kijiwe upande mmoja wa mdomo, au huitikisa kamba kwa mkono ili ndoo ilale ubavu na kunywa. Tukio hilo ni ubeti mzima wa utenzi, mizani nane kila mshororo:

Kamba ikiteremka
Mwanga chini wavunjika
Na uso ukatoweka
Ndoo inapoinama

Vina vitatu vya -ka, kisha -ma ambayo itarudi mwishoni mwa kila ubeti. Wanaokosea kuhesabu huanguka kwenye "teremka", kwa kuwa m hiyo ni silabi kamili (te-re-m-ka). Kwenye "mwanga" huanguka upande wa pili: ni mbili, si tatu. "Ndoo" pia ni mbili, ingawa "mtungi" ni tatu.

Kuna sitiari moja ninayoikata kila mara: kwamba ukichimba zaidi utapata maji matamu zaidi. Huenda ni kweli bara. Kisiwani hapa mvua hunywewa na vilima vya mchanga vya Shela, na maji yake hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa makadirio, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 hivi zilizo chini yake. Ukichimba kupita kiasi au kuteka kwa pupa, chumvi hupanda, na kushuka tena huchukua muda mrefu. Mshairi wa Lamu ana sitiari kali kuliko ile ya kuazima: utamu uko juu, na pupa ndiyo inayouharibu.

Seamus Heaney wa Ireland ya Kaskazini, katika shairi la mwaka 1966 kuhusu visima vya utotoni, alichukua jina la Helicon, mlima wa Ugiriki wenye chemchemi za washairi. Lakini chemchemi hububujika yenyewe. Kisima chataka kamba, na kamba ya mtunzi ni kibwagizo: kinashuka kila ubeti na kupanda na kitu tofauti ingawa maneno ni yale yale. Ukishapata beti tatu, rudi ukazisome ukingoni kwa sauti. Mshororo ambao mwisho wake hausikiki, badilisha neno la mwisho kwanza. Neno la mwanzo kwa kawaida halina kosa.