Muhtasari si aya ya kwanza

Mara ya tatu kuona aya ya kwanza ya makala ikiitwa muhtasari ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Kijana niliyemfundisha Kiswahili miaka iliyopita, ambaye siku hizi anaunda programu, alinifungulia kompyuta yake kwenye benchi la kibanda cha chapati hapa Jinja, Uganda. "Mwalimu, tazama. Naiuliza hii akili bandia habari za ziwa letu, inasoma makala yote ya Wikipedia, halafu inanipa muhtasari." Nikatazama. Kisha nikamwomba afungue makala yenyewe pembeni. Kilichokuwa kwenye kioo cha programu yake kilikuwa aya ya kwanza ya makala, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Chini yake kulikuwa na sehemu nyingine nyingi ambazo hakuna aliyezigusa, si yeye wala mashine yake.

Zana yenyewe ni rahisi kueleza. Wakala wa akili bandia ni programu ambayo modeli ya lugha iliyo ndani yake, yaani sehemu inayosoma na kutunga maandishi, imeruhusiwa kuagiza zana nyingine zifanye kazi, na mojawapo ni hii ya kuleta maelezo mafupi kutoka ensaiklopidia. Modeli inaandika agizo lenye jina la zana na kichwa cha makala. Programu inalipeleka agizo kwenye seva, inapokea maandishi na kuyaweka mbele ya modeli, nayo inayasoma na kumjibu aliyeuliza. Basi.

Shida iko kwenye jina la hayo maandishi. Anwani ya Wikipedia inayotumiwa sana kuyaomba ina neno la Kiingereza summary, na wanaotafsiri huishia hapo: summary, muhtasari, kazi imekwisha. Lakini ukifungua kifurushi cha data kinachorudi, maandishi yenyewe yamebandikwa lebo nyingine, extract. Hiyo kwa Kiswahili ni dondoo. Waliotengeneza kifurushi walijua wanachokitia ndani.

Dondoo linatoka kwenye kudondoa, yaani kuokota kimojakimoja, kama mtu anayeokota punje zilizomwagika. Unachodondoa hukibadilishi, punje uliyoiokota ni ileile iliyoanguka. Muhtasari una asili nyingine kabisa. Umetoka kwenye Kiarabu, mukhtasar, na mzizi huohuo ndio unaotoa khasr, kiuno. Nalipenda sana neno hili kwa sababu hiyo. Kiuno ni chembamba, lakini kimeshikana na kifua juu na miguu chini. Katika elimu ya Kiislamu mukhtasar ni aina ya kitabu inayojulikana: mwanachuoni anachukua kitabu kikubwa, anakisoma chote, anapima kipi kibaki na kipi kiachwe, kisha anaandika kifupi kinachosimama badala ya kirefu. Hakuna aliyewahi kurarua kurasa tatu za mwanzo na kuziita mukhtasar.

Wanafunzi wetu wanalijua hili hata kama hawajawahi kusikia habari za kiuno. Kwenye swali la ufupisho, mtoto anayenakili sentensi mbili za mwanzo wa kifungu hapati alama za ufupisho, hata maneno yakitimia idadi iliyotakiwa. Namrudishia karatasi asome mpaka mwisho. Mbona mashine tuisamehe?

Kuna jibu la haki ambalo kijana wangu angeweza kunipa. Wahariri wa Wikipedia hutakiwa kuandika utangulizi wa makala kwa namna ambayo utakusanya hoja kuu za makala nzima. Ni kweli. Utangulizi ulioandikwa vizuri ni muhtasari halisi, na zana ikiuleta wote umeletewa muhtasari. Ila uliandikwa na nani? Na mtu. Mtu wa kujitolea aliyesoma makala, akapima, akafupisha, akabishana na wenzake juu ya neno moja. Ukisema "akili bandia imenifanyia muhtasari" umemnyang'anya mtu huyo jasho lake na kumpa aliyebeba mzigo tu. Tena maandishi hayo yana leseni ya Creative Commons inayotaka chanzo kitajwe, na watu hawataji chanzo cha kitu wanachodhani kimetungwa na mashine yao.

Halafu mara nyingi utangulizi hauji mzima. Zana ya Wikipedia iliyomo kwenye LangChain, mkusanyiko wa programu za kuundia mawakala, usipoibadilisha mipangilio, huchukua hadi makala 3 na kukata matokeo kwenye herufi 4,000. Kihesabio cha herufi hakijui kipi ni muhimu. Kinafika kwenye 4,000 na kusimama, na kama jambo ulilolitaka lilikuwa kwenye sentensi iliyofuata, limebaki nje. Modeli nayo ikifupisha hicho kipande, umepata muhtasari wa kipande.

Nikamwambia kijana, sasa iulize Jinja, Jinja tupu. Jina hilo linafaa sana kwa jaribio. Kuna jiji letu hili la mtoni, lililopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ambalo jina lake linatokana na neno la jiwe katika lugha za hapa. Kuna jinja ya Kijapani, mahali pa ibada ya Kishinto. Na kuna Jinja ya waunda programu, zana ya violezo katika lugha ya programu ya Python, iliyopewa jina la mahali hapo pa ibada pa Kijapani. Walioiunda wameandika waziwazi kwamba hawakuiita kwa jina la jiji la Uganda. Makala ambayo kazi yake ni kuorodhesha majina yanayofanana hurudi kwenye kifurushi ikiwa na alama ya kuitambulisha hivyo. Wakala asiyeitazama alama hiyo atachukua orodha na kuieleza kana kwamba ni habari za kitu kimoja. Hapo hata dondoo si dondoo tena.

Lugha nayo ina lake. Zana nyingi huja zimeelekezwa Kiingereza. Ukibadilisha herufi mbili, en ziwe sw, zinakwenda Wikipedia ya Kiswahili. Ukiweka lg, zinakwenda ya Kiganda. Kwetu makala nyingi bado ni fupi mno, aya moja au mbili, na hapo kinacholetwa ni makala nzima. Kwa hiyo kijana anayeuliza kwa Kiswahili anaweza kudhani amepewa muhtasari wa kitu kirefu, kumbe amesoma kila kilichoandikwa.

Hatukugombana. Alitafuta neno la kuweka kwenye kitufe cha programu yake, nikampendekezea "Utangulizi wa makala", na chini yake kiungo cha kwenda kuisoma yote. "Dondoo" lingefaa pia, alisema, ni fupi zaidi. Nikakubali.